Wapangaji wa Kwapa la Kulia

Siku ya kwanza Halszka alinipima akakuta jangwa.
Kijiti cha pamba, mizunguko mitatu,
kisahani kikafungwa, kikaandikwa namba yangu: kumi na saba.
Kesho yake akakiinua kwenye taa:
vitone viwili tu, vyeupe,
kama chumvi iliyomponyoka mpishi.
"Bibi Wiesława," akasema, "humu hakai mtu."

Sikushangaa. Miaka thelathini na sita
nimekuwa mwenye nyumba asiyetaka wapangaji.
Kila alfajiri, kabla ya chai, kabla ya sala,
napaka kushoto, napaka kulia,
naziba milango ya jasho
kwa harufu ya limau ambalo halijawahi kuota mtini.
Kisha naenda depo, naitoa tramu,
naikatisha Łódź nzima
nikinukia kama bafu la hoteli.

Wakaniambia: siku tisa usipake.
Maji, sabuni, basi.
Malipo ni zloti mia mbili na kahawa.

Siku ya pili, kimya.
Siku ya tatu, kitunguu.
Si kile cha kukaanga;
kile kilichosahauliwa kabatini hadi kikaota mkia.
Niligeuka kibandani kumtafuta mwenye nacho.
Nilikuwa peke yangu.
Nyani nilikuwa mimi, na safari hii kundule kaliona.

Halszka akafurahi kama mtu aliyepokea wageni.
"Wanarudi! Hawa ni wale wenye haraka.
Wazito watafuata, wanajikongoja
kutoka kwenye vinyweleo walikojificha."
Glavu zake baridi, akanieleza:
jasho lenyewe halinuki, mama,
latoka kama maji ya kuoshea mchele.
Wao ndio wapishi.
Wewe watoa unga, wao watoa moshi.

Siku ya tano Ziemowit, tunayepokezana zamu,
alifungua dirisha la kibanda.
Nje ni Februari, nyuzi kumi chini ya sifuri.
Hakusema neno.

Kikulacho ki nguoni mwako, sawa,
lakini hiki hakikuwa kinanila.
Kilikuwa kikinikumbuka.

Maana usiku wa nane nilivua sweta,
shingo ikakwama, uso ukabaki gizani ndani ya sufi,
na humo gizani alikuwemo shangazi Jadwiga.
Yeye mzima: mkate wa kisibiti,
chuma kilicholowa,
zamu ya tatu kwenye kiwanda cha nyuzi.
Tulilala kitanda kimoja mpaka nilipofika miaka kumi na mitano,
kichwa changu chini ya mkono wake,
pamba ya mashine bado nyweleni mwake.
Siku hiyo wasichana darasani walinibania pua.
Nikarudi nyumbani nikamwambia:
shangazi, unanuka, umeniambukiza.
Akahamia benchi la jikoni.
Mwisho wa mwezi akaniletea kijiti changu cha kwanza, cha limau,
kwenye karatasi ya duka.
Kimoja. Hakujinunulia.

"Yawezekana ni wale wale?" nikamuuliza Halszka.
"Wake? Walijificha miaka yote hii?"
Akashika kalamu, akaiweka.
"Utafiti wetu haukuuliza hilo."
Kisahani cha tisa kilikuwa kimejaa,
manjano, maziwa, kijivu,
vitongoji vilivyosongamana hadi ukingoni.
Nilitaka kukiomba. Wakakitia kwenye joto la kuua.

Nimechukua zloti zangu.
Nimenunua kijiti kipya, limau lilelile;
abiria hawana kosa.
Napaka kushoto.
Kulia, upande wa mkono unaosukuma wenzo,
naosha, nafuta, naacha.

Ziemowit bado anafungua dirisha,
ila nusu.